Kujiamini Kabla ya Mtihani Hutoka Wapi, na Wenzako Wanahusikaje?

Kila mitihani ya mwisho inapokaribia, ushauri ule ule huzunguka nyumba kwa nyumba. Mzazi humwambia mwanawe asiogope, mwalimu hulitaka darasa zima lijiamini, na hata mgeni aliyepita kusalimia tu haagi kabla ya kumkumbusha kijana wa nyumba hiyo kwamba mtihani ni karatasi kama karatasi nyingine. Kijana huitikia kwa adabu, kisha hurudi chumbani na woga ule ule aliotoka nao, ila sasa ameongezewa mzigo wa pili: anaona aibu kwamba ameambiwa asiogope naye bado anaogopa.

Neno kusaidiana nalo lina utata wake. Wapo wazazi wanaoamini kwamba kijana anayekwenda kusoma na wenzake amekwenda kupiga soga. Wapo wanaosema mtihani ni wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kumwelekeza mwenzako ni kumpa mshindani wako silaha. Na wapo vijana ambao wakiambiwa wasaidiane huelewa jambo moja tu, yaani kupeana majibu.

Mambo haya mawili, kujiamini na kusaidiana, kwa kawaida huzungumzwa kila moja kivyake. Mimi naona ni jambo moja lenye pande mbili. Kujiamini hakupandikizwi kwa maneno. Ni hesabu ambayo akili huifanya yenyewe kwa kutazama ushahidi iliyo nao, na kwa kijana mahali pazuri pa kuukusanya ushahidi huo ni mbele ya wenzake.

Maneno matatu yanayochanganywa

Tuanze na wasiwasi. Wasiwasi wa mtihani ni namna mwili na akili vinavyolipokea jambo ambalo mtu analijali na hana hakika litaishaje. Homoni ya adrenalini hutolewa, moyo hudunda, viganja hutoka jasho, tumbo husokota. Hiyo si dalili ya kushindwa. Ni mwili unaojiandaa kwa kazi, kama injini inayounguruma kabla gari halijaanza kwenda. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua njia kwa kuwapa mshtuko mdogo wa umeme kila walipokosea, wakaona kwamba kazi ilipokuwa ngumu panya walijifunza vizuri zaidi kwa msukumo wa wastani kuliko kwa msukumo mkali. Waliokuja baadaye waliupanua uchunguzi huo hadi kwa binadamu, na picha iliyobaki ni ya kilima: asiye na wasiwasi kabisa yuko chini upande mmoja, aliyezidiwa nao yuko chini upande wa pili, na anayefanya vizuri yuko kileleni, akiwa na wasiwasi kidogo. Kumtaka kijana asiogope hata chembe ni kumtaka ashuke kutoka kileleni.

Kujiamini si kinyume cha wasiwasi. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika andiko lake maarufu la mwaka 1977, alieleza jambo hili kuwa ni imani ya mtu kwamba anaweza kuifanya kazi fulani mahususi. Uzito uko kwenye neno mahususi. Hakuna kijana anayejiamini kwa jumla kama anavyokuwa mrefu au mfupi. Yupo anayejiamini katika insha na asiyejiamini katika aljebra, na ndani ya aljebra hiyo hiyo yupo anayeiweza sura moja na kuikwepa inayofuata. Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo. Cha kwanza, chenye nguvu kuliko vyote, ni kuwa umewahi kuifanya kazi yenyewe ukafaulu. Cha pili ni kumwona mtu wa kiwango chako akiiweza. Cha tatu ni maneno ya kutia moyo. Cha nne ni hali ya mwili na namna unavyoitafsiri, kwa maana moyo unaodunda unaweza kusomwa kama hatari au kama utayari.

Sasa tazama tunavyowasaidia vijana. Karibu nguvu zetu zote tumezimimina katika chanzo cha tatu, na viwili vya kwanza tumeviacha vikae bila kazi.

Neno la tatu ni kusaidiana, nalo lina kipimo kimoja rahisi. Msaada wa kweli humfanya mwenzako afikiri zaidi, na msaada wa uongo humpunguzia kufikiri. Kikao kikiisha, je, kila mmoja anaweza kufanya peke yake, bila kitabu na bila rafiki, jambo ambalo alipofika hakuliweza? Kama jibu ni hapana, walioketi pale hawakusaidiana, hata kama walikaa saa tano.

Kwa nini aliyesoma sana husahau

Hapa ndipo vijana wengi huumia, na ndipo inapofaa kukaa kidogo. Kijana amesoma daftari lake mara nne, amepigia mistari kila aya kwa kalamu za rangi, na kila anapofungua ukurasa anaona kila kitu anakijua. Anaingia mtihanini, anasoma swali, na kichwa kinakuwa cheupe. Nyumbani wanasema alizubaa, naye anaamini kwamba hana akili.

Kilichotokea ni kwamba alikuwa na ujuzi wa kutambua akadhani ana ujuzi wa kukumbuka. Fikiria wimbo unaousikia mara kwa mara. Ukipigwa, unajua ubeti gani unafuata na unaitikia kiitikio bila kukosea; ukiambiwa uuimbe peke yako tangu mwanzo, bila muziki, unakwama kwenye ubeti wa pili. Wimbo ni ule ule, ila ulipokuwa ukipigwa, nusu ya kazi ya kukumbuka ulikuwa unafanyiwa. Daftari lililo wazi ni muziki unaopigwa, na mtihani unakutaka uimbe peke yako.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha jambo hili kwa namba. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Baadhi yao wakavisoma tena, na wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliosoma tena walibaki na asilimia 42, na waliojipima walikuwa na asilimia 56. Tena katika jaribio la pili la utafiti huo huo, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na hakika zaidi kwamba watakumbuka. Huko ni kujiamini kusiko na ushahidi, na ndiko kunakovunjika vibaya ndani ya chumba cha mtihani, kwa sababu huvunjika bila kutoa taarifa.

Linalofuata ni suala la muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya alichojifunza ilimtoka ndani ya saa chache za mwanzo, na kwamba kila alipojifunza tena ilimchukua muda mfupi zaidi kuliko mara iliyotangulia. Mche haumwagiliwi pipa zima kwa siku moja ndipo uachwe mwezi mzima. Nusu saa ya somo moja katika siku nne tofauti humfaa kijana kuliko saa mbili za mfululizo, ingawa saa mbili ndizo zinazomwacha akijisikia amefanya kazi.

Meza ndogo iliyojaa

Yupo pia kijana aliyejipima vizuri nyumbani, na bado anakwama. Ubongo una sehemu ya kazi ambayo wataalamu huiita kumbukumbu tendaji: ndiyo inayoshika swali, hatua uliyofikia na hatua inayofuata kwa wakati mmoja. Ifikirie kuwa ni meza ndogo. Maktaba iliyo nyuma yake inaweza kuwa kubwa sana, lakini huwezi kutumia ila kile kilichotandazwa mezani. Wasiwasi unapozidi, nao hupanga vitu vyake juu ya meza hiyo hiyo: nikifeli itakuwaje, mbona yule ameshafungua ukurasa wa pili, nitamwambia nini mama. Elimu haijapotea maktabani. Mezani ndiko hakuna nafasi ya kuiweka.

Kwa hiyo dawa iliyo ya busara ni kuipunguza mizigo ya mezani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliwataka wanafunzi waandike kwa dakika 10, kabla tu ya mtihani, kuhusu hofu walizokuwa nazo juu ya mtihani huo, na wanafunzi hao walifanya vizuri kuliko wale ambao hawakuandika juu ya hofu zao. Si tiba ya kila mtu, lakini inaeleweka kwa nini hufaa: kilichoshushwa kwenye karatasi hakihitaji tena kushikiliwa mkononi. Kupumua polepole, pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, husaidia kwa njia nyingine, maana huushusha mdundo wa moyo. Na njia ya tatu, ambayo kwangu ndiyo bora, ni kuyazoea mazingira: kufanya mtihani mzima uliopita, kwa saa zile zile, bila simu na bila kunyanyuka. Jambo ambalo umelifanya mara tano halichukui nafasi kubwa mezani mara ya sita.

Kikundi kinachofanya kazi, na kile kinachojidanganya

Nilipokuwa mwanafunzi tulianzisha kikundi cha watu sita. Kikao chetu cha kwanza kilikwisha katika kuchora ratiba nzuri yenye rangi nne, na cha pili katika kubishana ni nani aliyeivunja ratiba hiyo. Hatukuwa wavivu. Tulichanganya kukaa pamoja na kusoma pamoja, na kosa hilo nimeliona likirudiwa na vijana wengi tangu hapo.

Kikundi kizuri ni kidogo, cha watu watatu hadi watano, na huanza kwa ukimya. Swali linasomwa, vitabu vinafungwa, kila mmoja anaandika jibu lake kwa dakika chache, kisha ndipo midomo ifunguke. Utaratibu huu mdogo hufanya kazi kubwa, kwa sababu unamlazimisha kila mmoja kuimba peke yake kabla ya kusikia muziki, na unamnyima mjuaji wa kikundi nafasi ya kufikiri kwa niaba ya wengine. Baada ya hapo majibu yanalinganishwa, na anayetofautiana na wenzake anaulizwa amefikaje pale. Mara nyingi huwa amekosea hatua moja. Mara nyingine wenzake wote ndio waliokosea, na furaha ya kugundua hivyo haisahauliki.

Kisha huja zamu za kufundisha. Mwaka 1971 Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni mpangilio maalumu katika shule za Austin, Texas, ambako watoto wa rangi mbalimbali walikuwa wameanza kusoma darasa moja na uhasama ulikuwa mkubwa. Somo liligawanywa vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake hawakuwa nacho, na ikawa hakuna njia ya kulipata somo zima ila kumsikiliza kila mmoja, hata yule aliyekuwa akidharauliwa. Kikundi cha vijana kinaweza kuuiga mpango huo bila gharama yoyote: sura nne, watu wanne, kila mmoja arudi baada ya siku tatu akiwa tayari kufundisha yake na kujibu maswali.

Wanaoogopa kumpa mshindani silaha hapa ndipo wanapokosea hesabu. Anayeeleza ndiye anayenufaika kwanza, kwa kuwa maelezo hufichua mashimo ambayo usomaji wa kimya huyafunika. Unadhani unaelewa, hadi mwenzako anapouliza "kwa nini?" nawe unagundua kwamba hapo ulikuwa unaruka. Tena mitihani mingi ya mwisho hukutanisha watahiniwa wengi mno, kiasi kwamba rafiki mmoja aliyeelewa sura ya tatu hawezi kukuondoa katika nafasi yako. Naye mwenye kuelezwa hupata kitu ambacho mwalimu, kwa uzoefu wake wote, hawezi kumpa kirahisi: anamwona kijana wa rika lake, ambaye wiki iliyopita alikwama pale pale, sasa amepita. Hicho ni chanzo cha pili cha Bandura, kikifanya kazi bila hotuba yoyote.

Kuna hadhari moja. Hofu nayo huambukiza. Mazungumzo ya mlangoni dakika kumi kabla ya mtihani, ya "wewe ulisoma ile sura ya mwisho?" na "nasikia mwaka huu ni mgumu", hayamfundishi mtu chochote na humjazia meza. Kikundi chenye busara hukubaliana mapema kwamba mlangoni hakuna somo. Kuna salamu tu na kuingia. Kusema hofu ni jambo jema, ila lina wakati wake, jioni, mbele ya mtu anayesikiliza bila kucheka.

Machache yanayoaminiwa bure

Kukesha usiku wa mwisho ni imani iliyoshika mizizi, na ina madhara. Usingizi ndio wakati ambao ubongo huimarisha kilichosomwa mchana, kwa hiyo anayekesha anajenga ukuta huku akiyaondoa maji kwenye saruji. Mwaka 2016 chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi kilipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mzazi anayemwona kijana wake hasinzii mapema naye asiharakishe kumhukumu: katika umri huu homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutolewa kuliko utotoni. Simu mkononi huongeza tatizo, lakini haikulianzisha.

Wengine hushikilia kwamba jibu la kwanza lisibadilishwe kamwe. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kinyume chake: mabadiliko mengi ambayo watahiniwa huyafanya hutoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi. Imani hiyo inadumu kwa sababu jibu sahihi ulilolifuta linauma na huwezi kulisahau, na kosa ulilolisahihisha hulikumbuki hata kidogo. Ukiwa na sababu, badilisha. Ukiwa na wasiwasi mtupu, acha.

Kuhusu madai kwamba kuna mwanafunzi wa kusikia na mwanafunzi wa kuona, na kila mmoja afundishwe kwa njia yake pekee, hakuna ushahidi wa kutosha kuyabeba.

Mzazi afanye nini badala ya kusema usiogope

Abadilishe swali. "Umesoma?" hujibiwa kwa ndiyo, na mazungumzo yanakufa hapo. "Nieleze ulichosoma leo, mimi sikijui" humfanya kijana afunge kitabu na kuimba peke yake, na mzazi hahitaji kuwa msomi kulisema. Akikwama, asikemewe, pamejulikana pa kurudia.

Aangalie pia anasifu nini. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio ambamo watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa haraka walipokutana na maswali magumu, tofauti na wale waliosifiwa kwa juhudi. Maana yake si ngumu kuiona: aliyeambiwa ana akili, akikosa swali, ameambiwa hana. Kumlinganisha na dada yake au na mtoto wa jirani nako kunamwonyesha mfano asioweza kujipima nao, wakati mfano anaouhitaji ni yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Kuna mahali ambapo haya yote hayatoshi. Kijana asiyelala kwa wiki kadhaa, aliyeacha kula, anayejitenga na watu aliowapenda, au anayesema kwamba hana thamani au kwamba afadhali asingekuwepo, hahitaji kikundi cha kusoma wala ratiba. Anahitaji mtu mzima anayemwamini aketi naye siku hiyo hiyo, na amfikishe kwa mshauri au kwa daktari. Maneno ya namna hiyo yasichukuliwe kuwa ni deko la msimu wa mitihani.

Ndani ya chumba cha mtihani, kijana aliyeandaliwa hivi bado atasikia moyo ukidunda. Atasoma karatasi yote mara moja, ataanza na swali analoliweza ili apate ushahidi wa kwanza wa siku hiyo, na akikuta linalokifanya kichwa kiwe cheupe ataliwekea alama na kulirudia, maana swali la mbele mara nyingi hulizindua la nyuma. Akitoka atawakuta wenzake mlangoni. Kama kikundi kilijipanga vizuri, hakuna atakayeuliza namba saba jibu lake lilikuwa nini. Watauliza kesho ni somo gani, na nani ana zamu ya kufundisha jioni.